Kuku wa Senti Moja

2 Machi

Kosa la watu wengi wanaoanza kukusanya stempu ni kudhani kwamba iliyo ngumu kupatikana ni ile ya bei kubwa. Wanahangaika na stempu yenye picha ya daraja jipya, rangi saba na dhahabu pembeni, na ile ya senti moja wanaipita kama kokoto njiani. Sasa fikiri. Ile ya dhahabu kila aliyeipata aliificha kati ya kurasa za kitabu, akawa anawaonyesha wageni. Ipo tele mpaka leo. Ya senti moja ililambwa, ikabandikwa, ikatupwa pamoja na bahasha, na hakuna aliyeikumbuka hata jioni ya siku hiyo.

Naandika haya kwa ajili yako wewe utakayezirithi albamu zangu, yeyote utakayekuwa, usije ukaanza kwa kosa hilo.

Nimefungua daftari jipya kwa sababu leo posta wametoa seti ya mwisho. Kuanzia sasa barua zitapigwa chapa na mashine. Karani wa dirishani alinikabidhi stempu zangu kwa sauti ya mtu anayetoa pole. "Ni hizi tu, Mwalimu. Baada ya hapa hakuna tena." Hakujua kwamba ananipa zawadi. Kukusanya stempu za nchi ambayo bado inazichapisha ni sawa na kufagia uwanja chini ya mti unaopukutisha majani. Leo mti umesimama kimya. Nchi yetu nzima, kuanzia stempu ya kwanza hadi hii niliyoibandika mchana, imo katika albamu nne zenye jalada la kijani, isipokuwa nafasi moja tu: albamu ya pili, ukurasa wa kuku.

Kuku mwenyewe ni wa rangi ya udongo, amesimama ubavu, mguu mmoja ameuinua kama anayekanyaga matope. Thamani yake senti moja. Alichapishwa haraka mwaka ambao gharama ya barua ilipanda kwa senti moja, na watu bado walikuwa na stempu za zamani mifukoni. Ukamwongeza kuku pembeni, hesabu ikatimia. Haikuchukua muda gharama ikapanda tena, kuku akakosa kazi, na mabaki yake yakachomwa moto. Sisi watoto wa shule tulikuwa tukijibandika kuku kwenye paji la uso na kukimbia uwanjani. Ningejua.

"Kwa hiyo umemaliza?" mke wangu aliuliza niliporudi.

"Bado kuku."

"Huyo kuku angekuwa wa nyama," alisema, "ningekuwa nimeshamchinja zamani tukapumzika."

6 Machi

Mawingu. Hakuna la kuandika.

9 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu. Adui wa stempu ni unyevu: gundi ya nyuma huamka na kung'ang'ania ukurasa, na ukungu huja kuota juu ya nyuso za watu wakubwa. Nimepanga vipande vya chaki kwenye rafu ya albamu. Chaki hunywa unyevu. Miaka yote niliyofundisha nilidhani kazi yake ni kuandikia.

14 Machi

Nimeshinda dukani kwa Fundi Saa. Huyu ni rafiki yangu na mpinzani wangu, na sijui neno lipi litangulie. Anatengeneza saa kwenye chumba kisichozidi upana wa kitanda, ukuta mzima saa, na hakuna mbili zinazokubaliana, kwa sababu zile nzima wenyewe wamezichukua na zilizobaki ndizo wagonjwa. Naye anakusanya stempu za nchi yetu. Naye amekwama kwenye kuku.

Tangu tungali vijana tuna makubaliano: atakayejaza nafasi ya mwisho kwanza, mwenzake atammiminia chai kila wanapokutana hadi mmoja wao aondoke duniani.

"Vidole vyangu vinauma," alisema leo, akinyoosha miguu. "Nadhani vinajizoesha kupokea kikombe."

"Vinauma kwa uzee."

"Uzee unao wewe. Mimi nina baridi tu."

Yeye ana lenzi nzuri kuliko yangu, ile ya jichoni. Simwambii kwamba namwonea wivu.

19 Machi

Lazima nikueleze habari za mkamwana wangu pia, maana tunaishi naye. Mwanangu ni dereva wa malori ya masafa, nyumbani anakuja kama mgeni. Mkewe yuko nasi. Ni msusi. Amejaza baraza ya mbele viti, vioo na wanawake wanaocheka. Ana haraka ya kutisha: anakula amesimama, anafunga milango kwa kisigino, anapita chumbani kwangu kama upepo. Na akipita, stempu hupepea. Leo tatu zilianguka chini ya meza.

"Samahani, baba. Vikaratasi vyako vimeniogopa."

Vikaratasi. Nilimjibu kwamba hivyo vikaratasi vinamzidi umri. Akasema, "Ndiyo maana vinahitaji kupumzika, baba, na wewe huviachi." Mke wangu alicheka hadi akalazimika kuketi.

Ni binti mwema, lakini uvumilivu hana. Si mtu wa kumwachia albamu.

27 Machi

Mvua. Chaki zimelowa kama sabuni. Nimezibadilisha.

3 Aprili

Leo nimezika nusu ya kuku.

Asubuhi mwenye duka la vitabu chakavu alinipigia simu. Amepata kadi ya zamani ndani ya kitabu cha hesabu, na juu ya kadi kuna stempu ya kuku, rangi ya udongo, mguu mmoja juu. Nilivaa viatu visivyofanana. Nimekuja kugundua njiani, mvua inanyesha, na sikurudi.

Nilipofika alikuwa anatabasamu nyuma ya meza yake. "Mwalimu, nimekurahisishia kazi," alisema. "Nimekubandulia tayari." Akafungua kiganja.

Kilikuwa kiwiliwili cha kuku, na miguu. Kichwa na shingo vilibaki kwenye kadi, vimechanika kwa ukucha wa kidole gumba. Sikuweza kumkasirikia, uso wake ulikuwa wa mtu aliyemfanyia mwenzake wema. Nilimshukuru, nikanunua na kitabu cha hesabu.

Hili nalo lishike: stempu haibanduliwi. Mkono ukishaanza kuvuta, karatasi hufuata njia yake yenyewe. Unachotakiwa kufanya ni kuacha maji au unyevu uilegeze gundi, nawe unangoja. Ikiwa tayari itakuja yenyewe, kama mtoto anayeshuka mgongoni. Isipokuja, bado.

Fundi Saa alikitazama kile kiwiliwili kwa lenzi yake, kwa muda mrefu, kama daktari.

"Hakuna matumaini," alisema. "Lakini supu inatoka."

Alinimiminia chai bila kudaiwa. Hapo ndipo nilipojua kwamba ameumia kama mimi.

10 Aprili

Mvua. Mvua. Mvua.

21 Aprili

Nimeketi barazani kwa sababu chumba kinanuka ukungu, na kwa mara ya kwanza nimemtazama mkamwana akifanya kazi. Mteja alikuja baada ya chai ya asubuhi na aliondoka jua likishuka. Nywele nyembamba, mistari mia na zaidi, kila mmoja unagawanywa kwa ncha ya kitana, unavutwa, unapimwa kwa jicho. Mmoja ulipopinda kidogo nyuma ya sikio, mahali ambapo hata mume wa mwenye kichwa hataona, aliufumua wote akaanza upya.

Nimefuta nilichoandika tarehe 19 Machi. Sikukifuta, nimekipigia mstari. Wacha ukione.

2 Mei

Sijui nianzie wapi, basi nianzie kwenye paa.

Mchana nilikuwa kwa Fundi Saa, mke wangu sokoni. Mvua ilipiga kama mtu anayemwaga changarawe, na bati la upande wa nyuma likaachia. Maji yalishuka moja kwa moja kwenye rafu yangu, na pembeni yake, kwenye chumba cha mkamwana, kwenye kabati.

Niliporudi nilikuta sakafu ni bwawa. Nilikimbilia rafu. Rafu tupu, inatiririka.

"Baba, huku," mkamwana aliita.

Albamu zote nne zilikuwa juu ya meza ya chakula, zimefunikwa kwa shuka lake la harusi, kavu kama biskuti. Pembeni alisimama mteja wake, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima kama ufagio, ameshika kopo langu la stempu za ziada kifuani kama anayelinda mtoto.

"Tulizitoa hizi kwanza," mkamwana alisema. "Nilijua ukikuta zimelowa tutakuwa na msiba humu ndani."

"Na vitu vyako?"

Mteja ndiye aliyejibu. "Sanduku lake la picha lilikuwa kwenye kabati, mzee. Tulipolirudia maji yalishaingia."

Yule niliyesema si wa kuachiwa albamu aliziokoa albamu, na picha za watu wake akaziacha zisubiri.

3 Mei

Tumezianika picha zake mezani, mimi, yeye na mke wangu. Bahati nzuri maji yalifika chini tu ya sanduku; nyingi zimepata unyevu bila kuharibika. Namfundisha: usizipanguse, usiziweke juani, zipumue tu juu ya kitambaa.

Moja ni ya zamani kuliko zote. Bibi yake na babu yake siku ya ndoa, wamesimama mbele ya pazia, nyuso kali. Katikati kuna mstari mweupe kutoka juu hadi chini: picha ilishachanwa vipande viwili ikaungwa.

"Bibi ndiye aliyeichana," mkamwana alisema. "Waligombana, hakuna anayekumbuka kwa nini. Babu hakuomba radhi. Kesho yake bibi akaikuta imeungwa, imeegemezwa kwenye sufuria ya uji. Hawakuizungumzia tena, waliishi mpaka wakazeeka." Alicheka. "Ndiyo picha pekee ya bibi."

Niliigeuza nitazame kama gundi imeachia.

Nyuma, juu ya ule mpasuko, walisimama kuku wawili.

Wa rangi ya udongo, mguu mmoja juu, wameshikana ubavu kwa ubavu kama walivyotoka posta, bila alama ya muhuri. Babu alikuwa hana karatasi ya gundi ndani ya nyumba. Alikuwa na stempu za senti moja zisizo na kazi.

Niliirudisha picha kwenye kitambaa, uso juu. Nikasema, "Hii itakauka vizuri."

4 Mei

Sikusema.

5 Mei

Sikusema. Fundi wa bati amekuja. Mvua imepungua.

6 Mei

Wewe unayesoma utaniuliza nilikuwa naogopa nini. Nitakueleza. Kama ningesema, asingeweza kunikatalia. Mkamwana hamkatalii baba mkwe, hata akiwa na moyo wa kukataa. Kuomba kwangu kungekuwa amri iliyovaa kanzu nzuri. Na wale kuku hawakuwa stempu tena. Walikuwa mkono wa babu unaoshika ndoa yake. Mimi ni nani nimwambie mjukuu wake auondoe?

Na bado, nikifumba macho, nauona ukurasa wa kuku umejaa. Umri wangu wote wa kukusanya nimekuwa nikimwona huyo kuku kwa nyuma ya macho, na sasa yuko chumba cha pili.

Chai imenishinda. Mke wangu ameniangalia kikombe, kisha uso.

"Una nini?"

Nilimwambia.

"Mwambie," alisema.

"Hapana."

"Basi nitamwambia mimi."

"Nakukataza."

"Mwalimu," alisema kwa upole, akichukua kikombe changu na kukinywa yeye, "darasa lilishafungwa zamani."

7 Mei

Amemwambia.

Mkamwana alikuja na picha mkononi, akaketi. Nasema aliketi, mtu anayekula amesimama.

"Kwa hiyo ndio hawa?"

"Ndio hawa."

"Na siku zote hizi umenyamaza?"

"Si wangu."

Aliigeuza, akawatazama. "Nimekuwa nao tangu utotoni nikadhani ni plasta tu." Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Wakitoka, bibi na babu watashikwa na nini?"

Nikamweleza kwamba ipo karatasi nyembamba ninayotumia kushikizia stempu, haionekani, haili picha. Akatikisa kichwa. "Hapana, baba. Babu alitumia stempu. Lazima iwe stempu." Nikamletea kopo la ziada, lile alilolibeba mteja. Alichagua kwa muda mrefu kuliko mtu anayechagua kitambaa cha harusi. Akachukua jozi ya treni, kubwa, ya bluu, yenye moshi.

"Hawa walitaka kusafiri," alisema. "Hawakuwahi."

"Ukibadilisha mawazo hata kesho, hakuna neno litakalosemwa," nikamwambia.

"Baba, unajua nini? Unaongea kama mtu anayekataa huku amenyoosha mkono."

Mke wangu alikuwa mlangoni. Alicheka tena mpaka akaketi.

8 Mei

Namna ya kufanya, ili uijue. Picha haitiwi majini kamwe. Uso wake utayeyuka. Chukua bakuli pana, weka kitambaa chenye maji chini, juu yake chekeche, juu ya chekeche picha, mgongo chini na uso juu. Funika kwa kitambaa kikavu. Unyevu unapanda taratibu na kuikuta gundi tu. Msimu wa jua ingechukua siku kadhaa. Lakini nyumba hii imelowa tangu Machi, na maji ya paani yalishaianza kazi. Mvua niliyoilaani msimu mzima ilikuwa inanisaidia na mimi sina habari.

Alasiri nilipoigeuza picha, pembe ya kuku wa kulia ilikuwa imejiinua. Nilishika koleo langu dogo la stempu. Nikaliweka chini, nikalishika tena.

"Nipe," mkamwana alisema.

Aliingiza ncha ya kitana chake chini ya ile pembe, hakuvuta, alingoja. Akasogea kidogo, akangoja. Nje mteja aliita, "Dada, nywele zangu," naye akajibu bila kuinua macho, "Nywele hazikimbii." Aliyepita chumbani kama upepo hakupumua. Kuku walikuja wote wawili, wazima, mpaka jino la mwisho pembezoni.

Nililia kidogo. Niliwaambia ni gundi.

Treni zimeshabandikwa. Bibi na babu wanatazama mbele kwa ukali uleule.

9 Mei

Limebaki jambo moja, nalo ni la kitaalamu. Jozi iliyoshikana ni adimu kuliko kuku mmoja mara nyingi. Sijapata kusikia jozi nyingine. Ukiitenganisha, umeua kitu ambacho huenda hakipo popote. Na nafasi yangu ni moja. Na Fundi Saa nafasi yake ni moja.

Nilimweleza mkamwana, kwa sababu kuku ni wake. Alinisikiliza huku anakula, amesimama, mambo yamerudi kawaida.

"Kwa hiyo ukiwaacha pamoja, wewe peke yako ndiye utakuwa umemaliza?"

"Ndiyo."

"Na yule mzee wa saa?"

"Atanimiminia chai."

Alitafuna. "Babu alitumia wawili kwa sababu vipande vilikuwa viwili," alisema. "Fanya unavyoona, baba."

Nikikaa na albamu iliyojaa, nitamwonyesha nani? Mke wangu atasema hongera na kuuliza chakula kiwekwe saa ngapi. Ni mtu mmoja tu duniani anayejua kuku ana uzito gani.

Nikakunja kwenye mstari wa vitundu, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Wakaachana bila kelele.

10 Mei

Tulikwenda pamoja, mimi na mkamwana. Albamu ya pili chini ya mwavuli, ingawa mvua ilikuwa manyunyu tu.

Niliweka bahasha mbele ya Fundi Saa. Aliipeleka kwenye lenzi. Saa zote zikasikika.

"Huyu ana kichwa," alisema hatimaye.

"Ni wako."

"Na wewe?"

Nikamwonyesha wa kwangu. Alivua lenzi, akaifuta, akaivaa tena, kisha akafungua droo akatoa albamu yake.

"Makubaliano yapo palepale," alisema. "Wa kwanza ni wa kwanza."

"Palepale."

Tukashika koleo, kila mtu na ukurasa wake. Sitaweza kukueleza vizuri. Unaishusha, inagusa, unaibonyeza kwa kidole, na pale palipokuwa na mraba mweupe uliokutazama maisha yako yote pana kuku anayekanyaga matope. Nilifungua kurasa zote tangu mwanzo, moja moja, nikitafuta nafasi tupu kwa mazoea. Hakuna. Nchi nzima ipo, madaraja yake, ndege wake, wakubwa wake, na kuku wake. Nilifunga albamu na ikatoa sauti ambayo haijawahi kuitoa.

"Nimekuwa wa kwanza," Fundi Saa alisema. "Tazama ile ya ukutani."

"Ya mezani inasema ni mimi."

"Ya mezani ni mgonjwa."

"Ya ukutani ilikufa kabla ya mvua."

Tulibishana kwa saa zote za duka lile, na kila moja ilikuwa na shahidi wake. Mkamwana alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja. Aliketi, mara ya pili.

"Wazee wangu," alisema, "kuku walikuwa wa nani?"

Wote wawili tukamtazama yeye.

"Basi chai ninywe mimi."

Fundi Saa akamimina. Mimi nikaweka sukari. Ndivyo itakavyokuwa hadi tuondoke duniani, na sijapata kuona hukumu ya haki kuliko hiyo.

17 Mei

Jua. Chaki zimekauka. Nimeandika jina lake ndani ya jalada la albamu ya kwanza, kwa hiyo sasa nakujua, wewe unayesoma. Unafunga milango kwa kisigino.

Na wewe mwingine, yeyote utakayelisoma daftari hili, leo chukua picha ya zamani kuliko zote nyumbani mwako, uigeuze, utazame mgongoni.